Gari Likichemsha: Kutunza Maji ya Injini na Kuzisoma Taa za Dashibodi

Watu walionunua gari la kwanza huniuliza maswali yale yale. Mshale wa joto umepanda nikiwa kwenye foleni, nifanyeje? Taa nyekundu iliwaka kisha ikazima yenyewe, naweza kuendelea na safari? Fundi kaniambia niwe naongeza maji kila asubuhi, ni sawa? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao hata mtu asiyewahi kufungua boneti ataufuata.

Nianze na hilo la mwisho. Si sawa. Injini hailali na kiu ikaamka inahitaji maji. Maji yake huzunguka humo humo ndani ya mfumo uliofungwa, na gari lisilo na tatizo linaweza kukaa miezi mingi bila kuongezwa hata glasi moja. Kwa hiyo ukikuta yamepungua, kabla hujashika kopo jiulize: yamekwenda wapi? Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa ni njia ya kulijibu swali hilo.

Nadharia ni fupi. Pampu husukuma maji yapite kwenye injini, yabebe joto, yaingie kwenye rejeta, yapoe kwa upepo na feni, kisha yarudi. Katikati kuna themostati, mlango mdogo unaobaki umefungwa injini ikiwa baridi na kuanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 95 za Selsiasi hivi, kutegemea gari. Mfuniko nao hushikilia shinikizo lisitoke nje. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti (kimiminika cha kupozea injini) huchemka kwenye nyuzi 106 hivi ukiwa wazi, lakini chini ya mfuniko wa shinikizo la takriban bar 1 unaweza kupita nyuzi 120 bila kuchemka. Hapo ndipo hatari ilipo. Maji yaliyotulia kwenye nyuzi 110 ndani ya rejeta hulipuka kuwa mvuke mara tu unapolegeza mfuniko, nayo hukurukia usoni na kifuani. Usifungue mfuniko wa rejeta wala wa chupa yenye shinikizo injini ikiwa ya moto. Haijalishi una haraka kiasi gani.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kitabu cha gari lako. Kama hakikuja na gari, tafuta nakala ya modeli na mwaka husika.
- Kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu hicho.
- Maji yaliyotoneshwa. Madukani wengi huyaita maji ya betri, kwa hiyo soma lebo uhakikishe hukuuziwa asidi ya betri. Maji yaliyochemshwa jikoni hayafai badala yake: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chokaa na chumvi vinabaki.
- Glavu, kitambaa kizito, tochi na kalamu ya wino usiofutika.
- Kwa kazi ya kubadilisha kulanti: beseni pana, faneli, koleo na bisibisi.
- Ukiweza, kifaa kidogo cha kusoma kodi za injini (namba za hitilafu) kupitia soketi iliyo chini ya usukani. Si lazima, ila kinalipa gharama yake mapema.

Jambo moja la usalama: feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata funguo ikiwa imetolewa. Usiingize vidole huko, na usivae shali, tai au mikono mirefu inayoning'inia.

Ukaguzi wa asubuhi

Hii ni kazi ya dakika kumi. Ifanye mara moja kwa wiki na kabla ya kila safari ndefu, gari likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare.

1. Tazama chini kabla ya kuliondoa gari. Tone la maji meupe yasiyoteleza na yasiyo na harufu mara nyingi ni la kiyoyozi, liache. Tone lenye rangi, utelezi na harufu tamutamu ni kulanti. Lipime kwa kidole chenye glavu, wala usilionje. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo na kuua, na utamu wake huwavuta watoto, mbwa na paka.

2. Minya mpira mnene wa juu wa rejeta. Asubuhi unapaswa kuwa baridi na mlaini. Ukiukuta mgumu kama umejaa upepo ilhali injini haijawashwa tangu jana, kumbuka hilo, tutalirudia mwishoni.

3. Soma chupa ya akiba. Maji yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Weka mstari wa kalamu penye usawa wa leo na tarehe pembeni. Kumbukumbu ya macho hudanganya. Mstari wa kalamu utakuambia wiki ijayo kama yamepungua nusu sentimita.

4. Jua gari lako ni la aina gani. Magari mengine yana mfuniko juu ya rejeta yenyewe, na chupa ya plastiki pembeni ni ghala tu. Mengine hayana mfuniko kwenye rejeta. Chupa ndiyo yenye mfuniko wa shinikizo. Ukiwa na aina ya kwanza, usitosheke na kuangalia chupa. Fungua mfuniko, injini ikiwa baridi kabisa, uone maji yamefika shingoni. Nimeona chupa zimejaa ilhali rejeta zimekauka, kwa sababu mfuniko mbovu hauruhusu maji ya chupa kurudi ndani.

5. Angalia rangi na usafi. Kulanti isiyoharibika ni angavu. Kahawia maana yake kutu. Tope zito kama uji huashiria kulanti mbili zisizopatana zimechanganywa. Utando wa mafuta juu yake ni jambo la kumpelekea fundi siku hiyo hiyo.

6. Pitisha mkono kwenye mipira yote ya maji. Ikibonyea kupita kiasi, ikiwa na nyufa au imevimba karibu na vibanio, ibadilishwe. Kwenye maungio tafuta ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi. Huo ni mkia wa kulanti iliyovuja kidogo kidogo ikakauka kabla ya kufika chini, ndiyo maana hukuliona tone. Mulika pia chini ya pampu ya maji: ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili (kizibo cha kuzuia uvujaji) ikianza kuchoka maji yatokee hapo. Ukoko kwenye kitundu hicho ni taarifa kwamba pampu inaelekea mwisho.

7. Tazama mkanda unaozungusha pampu. Nyufa, nyuzi zilizochomoza, mng'ao wa kuteleza au mlio wa kupiga kelele unapowasha gari: badilisha. Kwenye magari mengine pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, nao hauonekani bila kufungua. Hapo fuata kilomita za kitabuni, na mkanda ukibadilishwa, pampu ibadilishwe pamoja nao. Kazi ya kufungua ni ile ile, na pampu ikivuja miezi sita baadaye utailipia mara ya pili.

8. Mulika uso wa rejeta kwa mbele. Wadudu, majani na tope hujibana kati yake na kondensa ya kiyoyozi, ile inayofanana na rejeta ya pili,. Osha kwa maji ya bomba ya kawaida, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya maji yenye nguvu hukunja mapezi ya rejeta, na mapezi yaliyokunjwa hayapitishi upepo.

9. Washa gari, washa kiyoyozi, sikiliza feni. Kwenye magari mengi yenye feni ya umeme, feni huanza muda mfupi baada ya kiyoyozi kuwashwa. Isipoanza, umeokoa safari yako ya leo.

Mwenye gari la haibridi asisahau kwamba mengi yana chupa mbili: moja ya injini, nyingine ya inveta (kifaa cha kuendeshea mota ya umeme). Zote hukaguliwa.

Kubadilisha kulanti

Kulanti hailindi dhidi ya kuganda na kuchemka tu. Ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu, nazo huisha. Za zamani hudumu miaka 2 hivi, nyingi za kisasa miaka 5 au zaidi. Kitabu chako ndicho mwamuzi. Rangi si mwamuzi. Kijani, nyekundu, waridi na buluu ni rangi tu ambazo kila kiwanda hujichagulia, na kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa za kemia tofauti kabisa. Soma maandishi ya kopo, si rangi.

Usalama kwanza: injini iwe baridi, gari tambarare, breki ya mkono imevutwa.

1. Washa funguo bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la juu kabisa, kisha zima. Kwenye magari yenye vali ya hita, hii hufungua njia ili maji ya humo nayo yatoke.

2. Fungua mfuniko taratibu ukiufunika kwa kitambaa. Weka beseni chini ya rejeta, fungua koki ya kumwagia. Koki nyingi ni za plastiki na huvunjika kwa mkono mzito. Isipokuwepo, legeza kibanio cha mpira wa chini uuchomoe.

3. Acha yatoke yote, kisha pima yaliyomo kwenye beseni. Magari mengi madogo huchukua kati ya lita 4 na 8 kwa jumla. Kitabu kitakupa idadi kamili. Yaliyotoka yatakuwa pungufu, maana mengine hubaki kwenye bloku, yaani mwili mkuu wa injini.

4. Yaliyotoka yakiwa machafu, funga, jaza maji yaliyotoneshwa, endesha mpaka injini ipate joto, zima, subiri ipoe kabisa, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke safi. Hatua ya kusubiri ndiyo watu huiruka, nao huungua.

5. Sasa jaza, ila fikiri kwanza. Kama ulisuuza kwa maji, bloku bado ina maji matupu. Ukitia mchanganyiko wa nusu kwa nusu, utaishia na kulanti hafifu. Njia ya uhakika: chukua ujazo kamili wa mfumo kutoka kitabuni, ugawe mara mbili, tia kiasi hicho cha kulanti nzito kwanza, kisha malizia kwa maji yaliyotoneshwa. Gari la lita 6 lipate lita 3 za kulanti nzito. Kopo likiwa limeandikwa kwamba tayari imechanganywa, usiongeze maji.

6. Mimina polepole. Huku ukimimina, minya mpira wa juu mara kadhaa utoe mapovu. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka yatoke maji matupu bila mapovu, kisha ifunge. Magari mengine hayatoi hewa bila mashine ya kuvuta au utaratibu maalumu wa kiwanda. Kitabu kikisema hivyo, mpelekee fundi hatua hii.

7. Kwa gari lenye mfuniko juu ya rejeta, washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, hita kwenye joto. Maji yatashuka, ongeza. Themostati ikifunguka utagusa mpira wa juu na kuukuta umepata moto ghafla, na usawa utashuka tena. Ongeza, funga mfuniko, kisha subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Kwa gari lenye chupa ya shinikizo, fuata kitabu chake kuhusu lini mfuniko ufungwe.

8. Endesha mwendo mfupi ukitazama mshale. Kesho asubuhi, baridi, kagua usawa. Kupungua kidogo siku ya kwanza ni hewa iliyotoka. Kupungua tena siku ya tatu ni swali letu lile: yamekwenda wapi?

Kulanti ya zamani usiimwage mtaroni wala ardhini. Ifunge kwenye chombo chenye lebo, mbali na watoto na wanyama, uipeleke kwa gereji au kituo kinachopokea taka za magari.

Taa za dashibodi

Geuza funguo mpaka taa zote ziwake, usiwashe injini. Hesabu: ya oili, ya betri, ya injini. Zinapaswa kuwaka zote, na kuzima injini ikishawaka. Taa ambayo haiwaki kabisa katika jaribio hili ina balbu iliyokufa au kuna mtu ameikata. Wakati wa kununua gari lililotumika, jaribio hili ni la kwanza.

Kisha soma rangi. Nyekundu inakuambia simama. Njano inakuambia shughulikia karibuni. Kijani na buluu ni taarifa.

Kitaa cha buluu chenye alama ya kipimajoto kinasema injini bado baridi. Endesha kwa upole, kitazima. Kikiwa chekundu kinasema imechemsha. Kikiwaka kikazima, usifurahi. Mara nyingi maji yamepungua kiasi kwamba sensa inaguswa na maji kwenye kona moja na kuachwa kwenye nyingine. Simama, subiri ipoe, kagua.

Mshale nao una siri. Katika magari mengi ya kisasa umetengenezwa utulie katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike. Unapouona umeanza kusogea juu, joto limeshapanda zaidi ya unavyodhani. Na kuna jambo lililowahi kunigharimu silinda hedi (kifuniko kizito cha juu ya injini): mshale ulipanda, kisha ukashuka ghafla, nikadhani gari limepona, nikaendelea. Halikuwa limepona. Maji yalikuwa yamekwisha kabisa, na sensa ilibaki ikining'inia hewani haina cha kupima. Mshale unaoshuka ghafla baada ya kupanda ni sababu ya kuzima injini papo hapo, pengine kuliko ule unaopanda.

Taa nyekundu ya kopo la oili ni ya shinikizo la oili. Zima injini mara moja, hata kama umebakiza mita mia kufika. Bila shinikizo la oili vyuma vinasagana, na injini hunoki, yaani huharibika kabisa, ndani ya dakika chache. Gari lililochemsha vibaya linaweza kuileta taa hii pia, kwa sababu oili iliyopata moto kupita kiasi huwa nyepesi mno.

Taa ya betri ikiwaka ukiwa safarini, tazama mshale wa joto hapo hapo. Kwenye magari mengi mkanda mmoja huzungusha alternata (inayochaji betri) na pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri huwaka kwanza na joto hufuata baada ya muda mfupi. Anayedhani ni betri tu akaendelea, hufika nyumbani na injini iliyoungua.

Taa ya njano ya injini inahitaji kifaa cha kusoma kodi. P0128 inasema injini haifikii joto lake, na mara nyingi themostati imekwama ikiwa wazi. P0217 ni injini kupata moto kupita kiasi. P0117 na P0118 zinahusu saketi ya sensa ya joto la maji. P0480 inahusu saketi ya feni. Kodi inakuonyesha mtaa, haikupi namba ya nyumba, kwa hiyo usinunue sensa mpya kabla hujakagua waya na usawa wa maji. Taa hii ikiwa inawaka na kuzima mfululizo badala ya kutulia, silinda inakosa kuwaka vizuri na petroli isiyoungua inaharibu katalisti (kifaa cha kusafisha moshi). Punguza mwendo, simama mahali salama.

Gari limechemsha barabarani

1. Mshale ukianza tu kupanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita kwenye joto na upepo wa juu kabisa. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo na hutoa joto la kweli nje ya injini. Hita ikipuliza hewa baridi ilhali mshale uko juu, maji yamekwisha. Nenda moja kwa moja hatua ya 2.

2. Mshale ukigusa nyekundu, taa nyekundu ikiwaka, au ukiona mvuke: toka barabarani, simama, zima injini. Usizime funguo gari likiwa bado linatembea, usukani unaweza kujifunga.

3. Weka pembetatu, washa taa za dharura, ondoa watu kwenye gari wakae mbali na barabara.

4. Mvuke ukitoka pembeni mwa boneti usiifungue. Ukipungua, ifungue na uondoke hatua chache.

5. Subiri. Dakika 30 ni chini kabisa, saa nzima ni bora. Usimwagie injini maji baridi ili kuiharakisha. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi hupasuka au kupinda, na ufa wa bloku hauna tiba rahisi.

6. Mpira wa juu ukishakuwa mlaini na unaushika bila kuungua, funika mfuniko kwa kitambaa kizito, uso wako mbali, legeza robo mzunguko, sikiliza shinikizo litoke lote, ndipo ufungue.

7. Ongeza taratibu. Kulanti ikikosekana, maji safi ya kunywa yatakufikisha kwa fundi; uwiano utarekebishwa baadaye. Ukiona yanatoka chini kwa kasi unavyoyamimina, acha, ita gari la kuvuta.

8. Washa. Sauti ikiwa ya kawaida na joto linatulia, endesha polepole hadi gereji ya karibu ukitazama mshale. Ukipanda tena, simama tena. Usijaribu mara ya tatu.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kosa ninaloomba uliache kabla ya mengine yote ni kung'oa themostati. Fundi hukuambia "tumeitoa, sasa haitachemsha." Injini hiyo sasa inafanya kazi ikiwa baridi mno, inakula mafuta zaidi, oili inapata tope, na vyuma vinachakaa mapema. Kwenye injini nyingine themostati ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka bila kufika kwenye rejeta, na gari huchemsha *zaidi*. Themostati ni kifaa cha bei ndogo. Nunua mpya.

Feni iliyounganishwa moja kwa moja kwenye funguo ni ndugu yake. Inazunguka muda wote, inachosha alternata, na inaficha sensa au rilei (swichi ya umeme ya feni) iliyokufa.

Unga wa kuziba matundu utumie ukiwa umekwama tu. Hauchagui tundu; huziba pia vijia vyembamba vya hita na rejeta. Kulanti nzito isiyochanganywa na maji nayo ni kosa, hata kama inaonekana ni ukarimu: hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Na mfuniko wa rejeta uwe wa shinikizo lililoandikwa kitabuni. Mkubwa zaidi haukupi ulinzi zaidi, hupasua mipira.

Kutafuta tatizo

*Linachemsha kwenye foleni, linatulia ukikimbia.* Upepo wa mwendo unafanya kazi ya feni. Kagua fyuzi, rilei, mota ya feni, au klachi ya feni kwa magari yenye feni ya mkanda.

*Linatulia kwenye foleni, linachemsha barabara kuu au mlimani.* Maji hayapiti ya kutosha: rejeta imeziba, themostati haifunguki yote, pampu imechoka, au mpira wa chini unajinyonya injini ikizunguka kwa kasi.

*Linachemsha kiyoyozi kikiwaka tu.* Uchafu kati ya kondensa na rejeta, au feni ya pili imekufa.

*Mshale hauinuki kabisa.* Themostati imekwama wazi, au imeng'olewa na mwenye gari aliyekutangulia.

*Mshale unapanda na kushuka, na ndani ya dashibodi kunasikika maji yakichuruzika.* Hewa imo ndani. Toa hewa, kisha tafuta ilikoingilia.

*Mpira wa juu unajikunja kama umenyonywa injini ikipoa.* Vali ndogo ya mfuniko haifunguki. Badilisha mfuniko kwanza kabla ya kununua kitu kingine.

*Kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta, zulia la abiria lina unyevu, kuna harufu tamu.* Rejeta ndogo ya hita inavuja ndani ya gari.

*Maji yanapungua na hakuna tone popote.* Hapa mwombe fundi afunge kipimo cha shinikizo kwenye mfumo ukiwa baridi. Kipimo kikishuka, tafuteni kwa tochi. Kisiposhuka, tazama upande wa gasketi ya silinda hedi (kizibo bapa kati ya hedi na bloku). Dalili zake: mpira mgumu asubuhi kama nilivyosema mwanzo, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usioisha hata injini ikipata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti chake. Ukikuta rangi hiyo chini ya mfuniko wa oili peke yake, huenda ni unyevu wa safari fupi fupi. Kijiti ndicho cha kuamini zaidi.

Usikubali injini ifunguliwe kwa dalili moja. Kuna kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi za moshi zikiwemo kwenye maji, kimiminika hicho hugeuka njano. Omba jaribio hilo na kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Ikithibitika ni gasketi na hedi ikashushwa, uso wake upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka kabla gasketi mpya haijafungwa. Hedi iliyopinda ipelekwe mashineni isawazishwe, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ya kwanza.